Huyo "mama" wanayemlilia Waindonesia ni mungu, ni mtu au ni nchi?

Swali limetoka kwa baharia mmoja, mzaliwa wa Pemba, yupo kwenye meli ya mizigo na nusu ya wenzake ni Waindonesia. Anasema tarehe 17 Agosti, siku yao ya uhuru, walipandisha bendera yao sitahani, wakaimba wimbo ambao yeye aliapa ni Yesu Kwetu ni Rafiki, tuni ileile aliyokuwa akiisikia kanisani kwa majirani alipokuwa anasoma Tanga. Mpishi wao, mtu mzima, Muislamu wa swala tano, alikuwa analia. Kuuliza, akaambiwa wanamwimbia mama yao, "Ibu Pertiwi". Baharia mwingine akamnong'oneza kwamba huyo ni mungu wa kike wa Kihindu. Sasa Mwalimu, anauliza, huyu ni mungu, ni mtu au ni nchi? Na Muislamu anamwimbiaje?

Masikio yako hayajakudanganya ndugu yangu, tuni ni hiyohiyo. Maneno ya Kiingereza ya ule wimbo wa kanisani yaliandikwa 1855 na Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada, na inasimuliwa kwamba aliyaandika kumfariji mama yake aliyebaki kwao, alafu 1868 Mmarekani Charles Converse akayatungia muziki, wamisionari wakaubeba kila walikokwenda, huku kwetu ukatua kama Yesu kwetu ni rafiki na kule visiwani ukatua pia ila wenyewe wakauvua maneno wakauvisha mengine kabisa. Yaani wimbo ulioanzia kwa mtu anayemfariji mama yake ukaishia kwa watu wanaomlilia mama yao. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini mimi hainitoki kichwani.

Maneno waliyouvisha ni mafupi. Ubeti wa kwanza unasema namwona mama ana huzuni, machozi yanamlengalenga, anakumbuka dhahabu na almasi zake, alafu inatajwa misitu, milima, majaruba ya mpunga na bahari, kwamba hilo ndo ghala la mali yake, na sasa mama anaumwa, anaugulia na kuomba dua. Ubeti wa pili watoto wanatokea, wanasema mama tumekuja, tutakufurahisha, tutalinda urithi wako. Nabeti na wewe mpishi alilia ubeti wa kwanza. Mi nlikaa Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java, miaka minne nikisoma, chumba changu kilipakana na shule ya msingi, kila Jumatatu asubuhi watoto walipangwa mistari kwa ajili ya bendera (wenyewe nao wanaiita bendera, sisi na wao wote tumeokota kwa Mreno), na siku walipoimba huu wimbo nikawa namwona mwalimu wao anageuka pembeni anajifuta na mtandio, kila mara ubeti wa kwanza, wa pili anageuka yupo sawa.

Haya, jina. Ibu ni mama, na ni heshima ya mwanamke yeyote mtu mzima, mwalimu ni Ibu, karani wa benki ni Ibu, muuza samaki ukitaka akupunguzie bei ni Ibu, wakiwa na haraka wanakata wanasema "Bu". Zaidi ya hapo, kwenye lugha yao kitu kikuu kinaitwa mama, mji mkuu ni ibu kota, mama wa mji, na kidole gumba ni ibu jari, mama wa vidole. Pertiwi ndo hilo limetoka mbali, ni Kisanskriti, Prithvi, maana yake yule aliye mpana, ni ardhi. Kwenye Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindi wa kale, mbingu ni baba na ardhi ni mama, na ndani ya Atharvaveda kuna utenzi mrefu wa kuisifu ardhi ambapo mwimbaji anasema waziwazi kwamba ardhi ni mama na yeye ni mwana wa ardhi. Jina hilo likavuka bahari pamoja na dini za India, likakaa Java na Bali zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hiyo aliyekunong'oneza hajadanganya. Bali, ambako wengi ni Wahindu mpaka leo, Pertiwi anatajwa kwenye ibada, yeye mama ardhi na mwenzake Akasa baba mbingu.

Ila ukitaka kumwona Pertiwi alivyokaa kwenye vichwa vya watu wa Java usianzie hekaluni, anzia kwenye wayang, ile michezo ya vikaragosi vya ngozi vinavyochezeshwa nyuma ya pazia na taa usiku kucha mpaka alfajiri. Kuna mtu mle anaitwa Sitija, jina maana yake aliyezaliwa na udongo, mama yake ndo Pertiwi na baba ni mungu Wisnu. Akawa mfalme jeuri, mbabe, hashikiki. Na shida ni kwamba hafi. Unamuua anaanguka, mwili ukigusa chini tu mama yake anamrudishia roho, anasimama, vita inaanza upya. Siku ya mwisho ilibidi apigwe akiwa juu angani na mwili wake ukadakwa na wavu usiguse udongo. Mi niliangalia kisa hiki kwa mara ya kwanza saa tisa usiku nimekaa mkekani na mzee mmoja ananigawia karanga za kuchemsha, na Sitija alipoanguka kwenye wavu yule mzee hakushangilia kama vijana, alisema kidogo tu, mama yake hakuwahi kumfikia. Nikaelewa kwamba kwa mzee yule kisa kilikuwa cha mama, yule mbabe alikuwa mtoto tu.

Kitu kingine cha haraka, ukipata ruhusa ya kushuka pwani siku moja nenda Borobudur, lile hekalu kubwa la Kibuddha la karne ya 8 na 9. Masanamu mengi ya Buddha ya upande wa mashariki yamenyoosha mkono wa kulia juu ya goti, vidole vinaelekea chini. Kisa chake ni kwamba shetani alimuuliza nani shahidi yako, yeye akagusa ardhi. Ardhi ikashuhudia.

Sasa Uislamu. Java ilisilimu taratibu, karne ya 15 na 16 ndo iliingia kwa nguvu, na leo Waislamu ni karibu asilimia 87 ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 270. Hawakusilimu wakatupa lugha yao, maneno yalibaki, yakabadilika kazi. We ni mtu wa visiwani utanielewa upesi, pale Makunduchi kila mwaka kuna Mwaka Kogwa, asili yake ni Nairuzi ya Wafursi, wanapigana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, na wote ni Waislamu, hivi ushasikia mtu mwenye akili akisema Wamakunduchi wanaabudu moto? Ndo hivyohivyo. Mpishi wako akisema Ibu Pertiwi hamuombi chochote, kwenye ule wimbo hakuna anayemwomba mama, ukisikiliza vizuri ni mama ndiye anayeomba dua, na mtu anayeomba dua si mungu. Anaomba kwa nani wimbo hausemi, na nadhani ndo maana Muislamu, Mkristo wa Flores na Mhindu wa Bali wanaweza kusimama mstari mmoja wakauimba bila mtu kukunja uso. Na katiba yao yenyewe, kwenye ile misingi mitano wanayoiita Pancasila, msingi wa kwanza ni kuamini Mungu mmoja.

Lakini hayo ya dini ni juujuu, mimi nadhani mzizi upo chini zaidi na huu kwetu upo. Mtoto wa Kijava akizaliwa, kondo la nyuma halitupwi. Linaitwa ari-ari na wanalihesabu kuwa mdogo wake, yale maji yaliyomtangulia ni kaka mkubwa na kondo ni mdogo mtu. Baba analiosha mwenyewe, analiweka kwenye chungu, analizika karibu na mlango wa nyumba, juu yake anafunika na kuwasha taa, inawaka siku 35. Nimeziona taa hizo vichochoroni, balbu ndogo chini ya kikapu kilichogeuzwa, unapita usiku unajua humu kuna kichanga. Na kwenye kiapo cha vijana cha 28 Oktoba 1928, ambapo walikubaliana nchi moja, taifa moja, lugha moja, neno walilotumia kwa nchi ni tumpah darah, maana yake palipomwagika damu, na si damu ya vita kama wageni wengi wanavyodhani, ni damu ya uzazi. Sisi tunaulizana kitovu chako kimezikwa wapi. Ni swali lilelile. Halafu angalia hili neno letu tunalolitamka kila siku bila kulisikia, mwananchi, mwana wa nchi. Sitija huyo! Tumejiita watoto wa nchi miaka yote ila mama mwenyewe hatujampa jina.

Na wao nchi yao wanaiita tanah air, udongo na maji, kwa watu wenye visiwa zaidi ya elfu kumi na saba unawaelewa. Machi 2022 walipokuwa wanaanzisha mji mkuu mpya kule Kalimantan Mashariki, Rais Joko Widodo aliwaita wakuu wa mikoa yote 34, kila mmoja akaja na udongo na maji ya kwake, vikamiminwa kwenye chombo kimoja. Nilipoiona ile picha nikamkumbuka Mwalimu Nyerere 1964 na vile vibuyu vya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Sisi tulichanganya udongo tu, wao na maji.

Ulitaka kujua pia kama kuna sanamu yake, picha yake ya kuweka kwenye simu. Utapata tabu. Ndo tofauti yake kubwa na wenzake, Wahindi wana Bharat Mata, mwaka 1905 Waingereza walipoigawa Bengal mchoraji Abanindranath Tagore alimchora mama mwenye mikono minne, ameshika kitabu, masuke ya mpunga, kitambaa cheupe na tasbihi, tangu hapo kila mtu anajua sura ya kubandika ukutani na pia ya kugombania. Warusi mama yao yupo Volgograd tangu 1967, urefu wa mita 85 pamoja na upanga. Ibu Pertiwi hana sura moja inayojulikana, picha zake ni chache, yupo kwenye nyimbo na kwenye misemo. Wimbo wa taifa wenyewe wa W.R. Supratman, uliopigwa mara ya kwanza kwenye mkutano uleule wa vijana wa 1928, unasema hapo ndipo nasimama niwe mlinzi njia wa mama yangu, anatajwa hapo wanaendelea. Mimi naona kutokuwa na sura kumemsaidia, kila mtu anamtia sura ya mama yake, mpishi wako sidhani alikuwa analilia mchoro.

Ila sasa nisikupambie. Mama asiye na sura ni rahisi kusemewa, na waliomsemea zaidi ni serikali. Kuna msemo wa magazeti yao, kembali ke pangkuan Ibu Pertiwi, kurudi kupakatwa na Mama Pertiwi. Askari akifa vitani amerudi kupakatwa. Kitu kilichoibiwa kikirudi kimerudi kupakatwa, mfano ile sanamu maarufu ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima wa Kibuddha, ya ufalme wa Singhasari, Waholanzi walikuwa nayo Leiden ikarudishwa 1978, hapo msemo unanoga na hakuna wa kubisha. Lakini msemo huohuo ulitumika kwa Papua Magharibi, iliyokabidhiwa Indonesia Mei 1963, na kura ya 1969 ya kubaki Indonesia au kujitenga ilipokuja hawakupiga wananchi wote, walipiga wajumbe elfu moja na kidogo waliochaguliwa kwa usimamizi wa jeshi. Wapapua wengi mpaka leo wanasema huyo mama hatumjui, tulibebwa mgongoni tukipiga kelele. Ukiwa na Mpapua kwenye meli usianze na mada hii mezani.

Na wakati wa Rais Soeharto, miaka 32 ile, umama wenyewe uligeuzwa kuwa sare. Wake za watumishi wa serikali wakawekwa kwenye chama chao, cheo cha mke kinafuata cha mume, kazi ya mwanamke ikahubiriwa kuwa mke na mlezi. Mwandishi mmoja wao, Julia Suryakusuma, aliita hiyo "umama wa dola". Ajabu ni kwamba siku yao ya mama, 22 Desemba, inakumbuka mkutano wa wanawake wa 1928 Yogyakarta uliokuwa unadai shule kwa wasichana na haki kwenye ndoa, watu wa siasa wale, leo wanapelekewa maua na keki.

Ugomvi wa dini nao upo, nisikufiche. Mwaka 2018 Sukmawati, binti wa rais wa kwanza Soekarno, alisoma shairi kwenye onyesho la mitindo Jakarta, akamsifu Mama Indonesia kwamba konde yake ya nywele (ule mfungo wa kisogoni wa kina mama wa Java) inapendeza kuliko nikabu na sauti ya nyimbo zake ni tamu kuliko adhana. Video ilipoenea moto ukawaka. Akashtakiwa polisi, akaomba radhi mbele ya kamera huku akilia, na bado watu wakaandamana. Unaona mwenyewe alipokosea, Ibu Pertiwi alikuwa anavumilika na wote kwa sababu hakuna aliyejua anavaa nini kichwani, yeye akaenda kumvika.

Turudi kwenye dhahabu na almasi maana hapo we mwenyewe unahusika. Kampuni ya Waholanzi, VOC, iliundwa 1602, mwaka 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen alimaliza karibu watu wote wa visiwa vya Banda kwa ajili ya kungumanga, na kuanzia 1830 wakulima wa Java walilazimishwa kutenga sehemu ya mashamba yao kwa kahawa, miwa na nili ya Mholanzi. Karafuu zilikuwa mali ya visiwa vya Maluku peke yake, Waholanzi wakawa wanakata mikarafuu ya visiwa vingine ili bei isishuke, mpaka karne ya 18 Wafaransa walipoiba miche wakaipeleka Mauritius, na kutoka huko kwenye visiwa vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19 ikaja Unguja na kwenu Pemba. Na kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia hiyohiyo, wanazisaga na tumbaku kwenye sigara zao za kretek. Kwa hiyo mpishi anapoimba mama anakumbuka vito vyake, kimojawapo kilikuwa kinaanikwa kwenye majamvi ya bibi yako.

Na siku hizi anayechukua vito si Mholanzi. Aprili 2016 wanawake tisa wakulima kutoka milima ya Kendeng, Java ya Kati, walikwenda Jakarta wakakaa mbele ya ikulu, wakaweka miguu kwenye visanduku vya mbao, zege likamiminwa mpaka kwenye vifundo vya miguu, likakauka. Walikuwa wanapinga kiwanda cha saruji kuchimba milima inayowapa maji ya mashambani. Machi 2017 wakarudi wengi zaidi, safari hii mmoja wao alifariki baada ya kutolewa zege. Wale neno lao lilikuwa la Kijava, Ibu Bumi, Mama Ardhi, neno la mtu wa shamba, na walichokuwa wanaimba ni kwamba Mama Ardhi ametoa, Mama Ardhi ameumizwa, Mama Ardhi ndiye atakayehukumu. Wimbo wa shuleni watoto wanamlinda mama, huku mama ndo hakimu. Kama unataka jibu langu la swali lako la kwanza, ni mungu au ni nchi, mimi wale kina mama ndo wamenijibu, ni udongo kwanza, nchi imeazima jina.

Mwakani 17 Agosti imba nao, humkosei Mungu, na kama maneno hujui vumisha tu tuni, watafurahi mno. Na mpishi, kama ni Mjava, usimuulize tena Pertiwi ni nani maana atakupa jibu la kitabuni. Muulize ari-ari yake imezikwa wapi. Ataacha kisu, atakuonyesha kwa mikono mlango ulivyo, mtoto wa kiume ni kulia, wa kike kushoto.